Ukianza piano na miaka 16, umechelewa?

Tuseme unakaa Kamunyonge, pale Musoma mjini. Una miaka 16, kinanda cha kwaya unakipiga vizuri tu, halafu kwenye simu unakutana na mtoto wa miaka sita anapiga Mozart bila hata kuangalia karatasi. Unajiuliza: mimi si nimeshachelewa?

Tuanze na mtu wa Afrika Mashariki hii hii. Girma Yifrashewa alizaliwa Addis Ababa mwaka 1967. Utotoni alipiga krar, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa litungu la Wakurya wetu huku Mara. Piano alikutana nayo akiwa na miaka 16, alipoingia shule ya muziki ya Yared. Baadaye akaenda kusoma Sofia, Bulgaria. Siasa zilipobadilika Ulaya Mashariki na kwao Ethiopia, masomo yakakatika, akahangaika kwanza kabla ya kurudi kuyamaliza. Leo anapiga Chopin jukwaani, pamoja na tungo zake mwenyewe zenye sauti za Kihabeshi. Albamu yake ya Love & Peace ilitoka 2014.

Mtu mmoja si ushahidi, najua. Basi tuangalie hesabu. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Berlin. Walilinganisha wapiga piano waliobobea na wale wa kujifurahisha. Hadi kufikia miaka 18, waliobobea walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa zaidi ya saa 7,600. Wale wengine kama 1,600 tu. Sasa piga hesabu: saa nne kila siku ni saa 1,460 kwa mwaka. Ukianza na miaka 16, saa 7,600 unazifikisha kwa miaka mitano na kidogo. Una miaka 21! (Saa hizo zilitokana na kumbukumbu za wahusika wenyewe, kwa hiyo zichukue kama makadirio.)

Kuanza mapema kuna faida, tusidanganyane. Mwaka 1995 kundi la Gottfried Schlaug lilionyesha kwamba wanamuziki walioanza kabla ya miaka 7 wana sehemu ya mbele ya daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo iliyo kubwa zaidi. Ila utafiti huo haukusema kwamba baada ya hapo mlango umefungwa.

Kwa maoni yangu, kikwazo kikubwa cha kijana wa Kamunyonge ni saa hizo nne, na chombo chenyewe. Piano ina vibonyezo 88. Ukibonyeza kimoja, nyenzo za ndani zinarusha nyundo ndogo igonge nyuzi, na ukubwa wa sauti unategemea kasi ya nyundo ile. Nyundo ikishaachia, huna tena uwezo juu yake. Kila kitu umekiamua ndani ya kama milimita 10 za kushuka kwa kidole. Ndiyo maana mpiga piano anatumia uzito wa mkono mzima, siyo ncha za vidole peke yake. Vinanda vingi vya kwaya vina vibonyezo 61, vyepesi, vinavyorudishwa na springi. Vile vya bei nafuu kabisa havitambui hata kama umegusa taratibu au umepiga kwa nguvu, yaani sauti ni ile ile. Unaweza kujifunza nyimbo, mapigo na mpangilio wa sauti juu yake, lakini mkono wako haujui bado kazi ya nyundo. Kinanda cha umeme chenye vibonyezo 88 vizito kinasaidia sana hapo.

Jambo la pili ni kusoma. Kama kwaya yenu inatumia do-re-mi peke yake, anza sasa kusoma noti kwenye mistari mitano, maana Chopin hakuandikwa kwa do-re-mi. Hili halihitaji piano. Penseli na karatasi vinatosha. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha kinafundisha muziki. Kuhusu kipato, Girma mwenyewe alirudi kufundisha Yared, na wapiga piano wengi duniani wanaishi hivyo: tamasha leo, wanafunzi kesho.

Na siku ukipata piano ya mbao, usiiweke dirishani upande wa ziwa. Ubao wake wa sauti unanyonya unyevu, unavimba, unazivuta nyuzi, na piano inapotea sauti.