Mshipa Usiofungwa: Kumlea Mtoto Njiti Nyanda za Mlima Kenya

Jamaa zetu wengi wamehamia Nyeri, Karatina na Nanyuki kwa kazi, biashara na ndoa, na baadhi yao hujifungulia huko. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mama huweza kuambiwa mambo mawili ya kutisha kwa pamoja: mshipa wa moyo haujafungwa, na mapafu yana ugonjwa sugu. Yafaa tuelewe maana yake.

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Mshipa mfupi kati ya ateri ya mapafu na aota huipitisha damu kando ya mapafu. Azaliwapo, oksijeni ya pumzi zake huufanya mshipa huo ujikaze, na kwa aliyetimiza miezi yake aghalabu hufungwa ndani ya siku 3. Kwa njiti, hasa wa chini ya wiki 28, huweza kubaki wazi kwa wiki au miezi. Damu hufurika mapafuni, naye hukaa na mashine au oksijeni muda mrefu. Akifikia wiki 36 za umri wa mimba na bado anahitaji oksijeni, huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu.

Wazazi huuliza: mbona daktari haufungi? Dawa za hospitali zipo, kama ibuprofeni na parasetamoli. Lakini utafiti wa Uholanzi, Ubelgiji na Denmark wa mwaka 2023, na ule wa Uingereza wa mwaka 2024, ulionyesha kuwa kuwahi kutoa ibuprofeni hakukupunguza vifo wala ugonjwa wa mapafu. Mishipa mingi hujifunga yenyewe. Basi daktari anayengoja huku akipima maji, uzito na picha ya moyo hajazembea. Mshipa ukiendelea kumwelemea mtoto, kuna upasuaji, au kizibo kinachopitishwa ndani ya mshipa wa paja. Kwa hayo, rufaa ya Nairobi isicheleweshwe.

Nyeri iko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki zaidi ya 1,900. Huko, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa. Mtoto aliyeachishwa oksijeni Pwani huenda akaihitaji tena akipandishwa mlimani. Daktari aulizwe kabla ya safari.

Jambo la pili ni moshi. Baridi ya huko huwafanya watu wafunge madirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani. Nasi tuna desturi ya udi na ubani katika siku arobaini. Pafu hili halivumilii hata kimojawapo. Ajifukizie mama nje, na mtoto apashwe joto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Wageni wenye mafua waombe dua wakiwa makwao.

Maziwa ya mama ndiyo yanayojenga pafu jipya, na mtoto huyu huhitaji uzito kuliko wenzake. Mama anayemhofia mwanawe ana ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa baadaye. Chanjo zisikosekane.

Akipumua kwa haraka, mbavu zikibonyea, akitoka jasho anyonyapo, asipoongezeka uzito, au midomo ikigeuka buluu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kutawakali ni baada ya kufunga ngamia. Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape wazazi wao subira. Amin.