Giaboksi ya otomatiki kwenye 4x4 kuukuu: mita ya kilomita haitoshi

Mnunuzi anayekagua Prado au Pajero kuukuu mjini Busia, kabla hata ya kutaja bei, huinama kwanza kutazama mita ya kilomita. Mita ikisoma 150,000 hufurahi. Ikisoma 320,000 huanza kuvuta bei chini. Kwa giaboksi ya otomatiki, hata hivyo, namba hiyo ni ushahidi dhaifu, na wapo wanaoligundua hilo gari likiwa tayari limepakiwa mzigo, linapanda kutoka Mbale kuelekea Kapchorwa, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki.

Sababu ya kwanza ni umri wa magari yenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Uganda tangu mwaka 2018 imepiga marufuku magari yenye miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo Prado ya mwaka 1998 inayouzwa leo Tororo iliingia Uganda kabla ya sheria hiyo, na ile iliyo upande wa Kenya, kwa utaratibu wa kawaida, iliingia kabla ya mwaka 2007. Sehemu kubwa ya maisha yake imepita hapahapa, mikononi mwa wamiliki wanne au watano. Kilomita zilizotembewa Japani ni hadithi ya zamani, hata kama mita haijachezewa.

Je, giaboksi hizi hudumu kiasi gani? Zile za gia nne zilizofungwa kwenye Land Cruiser, Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 zina sifa ya kuvumilia. Zikitunzwa hupita kilomita 300,000, na si ajabu kukuta iliyofika 400,000 bila kufunguliwa. Zikipuuzwa hufa kabla ya nusu ya hapo.

Tofauti iko kwenye joto. Kati ya injini na gia za otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga, bali kuna chombo cha duara kiitwacho toki konveta, ambamo mafuta ndiyo yanayopeleka nguvu. Gari likienda kasi ya kawaida barabara kuu, chombo hicho hujifunga na joto huwa dogo. Likivuta mzigo polepole kwenye matope, mafuta huvurugwa bila kupumzika na joto hupanda haraka. Mafundi wana kipimo chao: kila joto la mafuta likiongezeka kwa nyuzi 10 hivi, uhai wake hupungua kwa nusu. Mafuta yakishaungua, sahani za msuguano zilizo ndani huanza kuteleza, na utelezi wenyewe huzaa joto jingine.

Ndiyo maana safari ya Mombasa hadi Malaba si kitu kidogo kwa gari kuukuu. Barabara inayopita Nakuru na Eldoret hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa. Dereva mwenye mzigo anayezima O/D mlimani huipunguzia giaboksi kazi ya kupanda na kushuka gia kila mara. Kwenye njia za udongo mweusi, kutumia gia nzito ya 4x4, yaani L4, husaidia zaidi kuliko kukanyaga mafuta kwa hasira. Na kwenye foleni ya mpakani, kukaa nusu saa lever ikiwa kwenye D huku mguu uko kwenye breki ni kuyapasha mafuta bure, N inatosha.

Jambo jingine linalosahaulika ni rejeta. Katika magari mengi, mafuta ya giaboksi hupita ndani ya rejeta ili yapoe. Wanaojaza maji ya mtoni badala ya kuleanti huozesha mirija kutoka ndani, na siku ikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi. Nchini Marekani kasoro ya rejeta ya namna hii ilifikishwa mahakamani kuhusu Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010. Dalili yake ni mafuta yenye rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa hata hadi gereji.

Kuhusu kubadilisha mafuta, kuna imani gerejini kwamba mafuta ya zamani yasiguswe, kwani mapya "huua" giaboksi. Ukweli ni kwamba giaboksi inayokufa baada ya kubadilishiwa mafuta mara nyingi ilikuwa imeshakwisha. Kwa kazi ngumu, kila kilomita 40,000 ni kipimo cha busara. Kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya mafuta, mengine hubaki kwenye toki konveta, hivyo kazi hurudiwa mara mbili au tatu. Aina ya mafuta nayo si ya kubahatisha: Toyota nyingi za zamani zimeandikwa kwenye kijiti cha kupimia, iwe ni Dexron au T-IV, na aina ya WS ya magari ya baadaye ni nyepesi zaidi.

Mnunuzi basi aanze na kijiti hicho, injini ikiwa imepata moto na inaunguruma. Mafuta mekundu ni dalili njema. Meusi yenye harufu ya kuungua ni sababu ya kuondoka. Kisha asimamishe gari, akanyage breki, atoe N aweke D, halafu R. Gari lisipojibu ndani ya sekunde moja na nusu hivi, ndani kuna uchakavu. Muuzaji anayekataa gari lijaribiwe likiwa moto ameshajibu swali.

Aidha, gari likiharibika njiani, wasafirishaji wasilivute kwa kamba kutoka Malaba hadi Tororo magurudumu yakizunguka. Pampu ya mafuta huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, giaboksi huzunguka kavu. Libebwe juu ya lori, au propela shafti zifunguliwe kwanza.