Miwani ya Maandishi: Kizuizi ni Nuru

Aghalabu fundi anayetaka kujiundia nyumbani miwani inayoonyesha maandishi mbele ya macho, huku ulimwengu ukionekana nyuma ya maandishi hayo, huanza kwa kutafuta kompyuta. Twaona ameanza mwisho. Kompyuta si taabu tena: Raspberry Pi Zero, iliyotolewa mwaka 2015 kwa dola 5, ina uzito wa gramu 9 tu. Kizuizi ni nuru.

Jicho haliwezi kusoma kitu kilichowekwa sentimita mbili mbele yake. Kiwambo kikining'inizwa kwenye fremu bila ya lenzi, mvaaji ataona ukungu mtupu. Lenzi ikusanyayo nuru kwa umbali wa sentimita 5 hutaka kiwambo kikae umbali huohuo nyuma yake, ndipo maandishi yaonekane kama yako mbali. Kisha njia ya nuru sharti ikunjwe kwa kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, chenye utando mwembamba unaorudisha nusu ya nuru na kuiacha nusu ipite. Kioo hicho huyapindua maandishi, jambo ambalo programu hulirekebisha. Lakini kiwambo kikiteleza milimita 1 tu, taswira huhama nyuzi 1, yaani upana wa mwezi mpevu mara mbili. Gundi ya kuyeyushwa hulegea juani. Haifai kwa kazi hiyo.

Na jua lenyewe! Mchanga mweupe wa pwani saa sita mchana hutoa mng'ao unaozidi kandela 10,000 kwa kila mita ya mraba. Viwambo vingi vya simu hutoa mia kadhaa, na kioo hula nusu yake. Fundi akikitia kioo giza maandishi yasomeke, ameufunika ulimwengu aliotaka kuuona.

Matatizo haya si mageni. Mwaka 1968, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha chombo cha namna hii kizito kiasi cha kutundikwa darini. Mwaka 2013 Google iliuza miwani yake kwa dola 1,500, nayo haikudumu sokoni. Steve Mann wa Kanada, aliyejiundia vyombo hivi tangu ujana wake, alionya mwaka huo kwamba kamera isiyolingana na jicho humvuruga mvaaji hata baada ya kukivua chombo.

Kwa nini basi tuandike habari hizi? Kwa sababu miwani hii yaweza kumwandikia kiziwi maneno ya anayezungumza naye, akayasoma bila ya kuuacha uso wa mwenzake. Haja hiyo ni ya kweli, nayo haistahili kubezwa kama mchezo wa vijana.

Tunawaomba wakuu wa elimu na sayansi wayazingatie haya. Kijana akija kuomba msaada wa kazi hii, asikabidhiwe kompyuta nyingine akaambiwa aende zake. Apewe lenzi, vioo vya utando, na meza nzito isiyotikisika ya kupimia. Betri ya lithiamu, ambayo ikitobolewa huweza kuwaka moto, aihamishie mfukoni kwa waya, mbali na kipaji cha uso. Na kabla ya mtoto yeyote kiziwi kuvishwa, daktari wa macho aitwe akague.