Mmetengana: Deni Atalipa Nani?

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huu huwa mzito zaidi pale ambapo watu wawili walikopa wakiwa pamoja, kisha mmoja wao akabaki kulipa peke yake. Siku za kutengana, mume na mke hushughulika na mambo yanayoonekana: watoto watakaa na nani, vyombo vitakwenda wapi, nani atahama na nani atabaki. Ni wachache wanaokumbuka kuulizana habari za mkopo. Swali hilo huja lenyewe mwisho wa mwezi, mshahara unapopokelewa ukiwa umekwisha kukatwa.

Ndugu msomaji, makala hii inakusudia kumsaidia mfanyakazi wa kipato kidogo aliyefikwa na hali hiyo, awe mwanamke au mwanamume. Maelezo ya sheria yaliyomo humu yanahusu Tanzania Bara.

SAINI

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba, kwa kawaida, deni hufuata saini, halifuati ndoa. Mkopeshaji, awe benki, chama cha akiba na mikopo au kikundi cha VICOBA, hachunguzi ni nani aliyeondoka nyumbani wala ni nani aliyekosa. Yeye hutazama jina lililoandikwa katika mkataba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali na kufunga mkataba kwa jina lake mwenyewe. Haki hiyo ina mzigo wake. Mkataba ukiwa kwa jina lako, unadaiwa wewe, hata kama fedha zile zilinunua mabati ya nyumba ambayo leo anaishi mwenzako. Kadhalika, ikiwa ulidhamini mkopo wa mwenzako, kutengana hakufuti udhamini wako. Yeye asipolipa, mkopeshaji atakugeukia wewe.

Basi kabla ya kulalamika, tafuta karatasi. Hakikisha unayajua mambo manne: mkopo uko kwa jina la nani, wadhamini ni akina nani, ni kiasi gani kimesalia, na ni mali gani iliyowekwa rehani. Mtu akija mlangoni kukudai fedha alizokopa mwenzako, usikubali kulipa kwa sababu ya vitisho au aibu. Mwombe akuonyeshe mkataba, kisha usome kama saini yako imo.

HESABU

Jambo la pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa mama mfanyakazi wa kiwandani, mwenye watoto wawili, ambaye baada ya makato ya kodi na hifadhi ya jamii hubakiwa na Sh. 300,000 kwa mwezi. Pango la chumba ni Sh. 60,000. Chakula ni Sh. 120,000. Nauli ya kwenda na kurudi kazini ni Sh. 31,000. Mahitaji ya shule ni Sh. 20,000, na maji, umeme na mkaa ni Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 261,000. Kinachobaki ni Sh. 39,000.

Sasa mama huyu, wakati ndoa ikiwa imara, alikopa Sh. 1,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Riba hiyo ni Sh. 360,000, na kila mwezi hutakiwa kurejesha kama Sh. 113,300. Zamani mume alitoa pango na chakula, kwa hiyo makato hayo hayakuwatesa. Leo yeye ndiye anayetoa pango na chakula, na kila mwezi anapungukiwa na zaidi ya Sh. 74,000.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kupunguza sukari katika chai. Ndiyo maana inafaa hesabu iandikwe. Mtu asiyeandika hudhani kwamba anashindwa kwa sababu ya uzembe, kumbe mapato ya mmoja yanabebeshwa mzigo uliopimwa kwa mapato ya wawili. Mkataba uliopangwa kwa hali ya zamani hauna budi kujadiliwa upya.

MKOPESHAJI

Wengi wakifika hapo hujificha. Huzima simu, hubadili njia ya kupita, au huacha kuhudhuria vikao vya kikundi. Hiyo ni hasara tupu. Katika vyama vya akiba na mikopo, wadhamini mara nyingi ni wafanyakazi wenzako. Ukikimbia, makato huwaangukia wao. Katika VICOBA, deni lako ni akiba ya jirani zako. Isitoshe, adhabu ya kuchelewa huongezeka wakati wewe umejificha.

Nenda kwa mkopeshaji kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Chukua karatasi ya mshahara na ile hesabu yako. Usiende kusimulia ugomvi wa nyumbani. Nenda na pendekezo. Katika mfano wetu, ikiwa imesalia miezi 6, deni ni Sh. 680,000. Likigawanywa kwa miezi 18, rejesho linakuwa kama Sh. 37,800, nalo linaingia ndani ya zile Sh. 39,000. Mkopeshaji anaweza kudai riba ya muda ulioongezwa, kwa hiyo uliza mapema jumla mpya itakuwa kiasi gani.

Uliza pia riba inahesabiwaje. Ule mkopo wa Sh. 1,000,000, kwa asilimia 3 ile ile lakini ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, ungekuwa na riba ya kama Sh. 205,500 badala ya Sh. 360,000. Maneno ya mkataba yanaweza kufanana, lakini tofauti ni zaidi ya Sh. 150,000. Mkishakubaliana, yaandikwe na yatiwe saini, na kila malipo upewe stakabadhi. Kwa mtumishi wa umma, kumbuka kwamba makato hayatakiwi kula mshahara wote; mtumishi hana budi kubakiwa na angalau theluthi moja.

SHIMO LA PILI

Hatari kubwa kuliko zote ni kukopa ili kulipa deni. Hapo ndipo inapoingia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Hutolewa upesi, pengine kwa kuacha kadi ya benki na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji. Tuseme umekopa Sh. 100,000 na unatakiwa kurudisha Sh. 130,000 baada ya siku 30. Mwezi ukiisha huna, unatoa Sh. 30,000 za riba ili usogezewe muda. Ukifanya hivyo kwa miezi 4, umetoa Sh. 120,000, na zile Sh. 100,000 bado zinadaiwa zote.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa aina hii wawe na leseni. Una haki ya kuuliza leseni hiyo iko wapi. Kadi yako na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote. Kuwaambia wadhamini wako ukweli ni aibu ya siku moja. Shimo la pili huchukua miaka.

MWENZAKO

Je, mwenzako ameepukana na mzigo? La hasha. Kwanza, watoto ni wa wote wawili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawabebesha wazazi wajibu wa matunzo, na wazazi kuishi mbalimbali hakuondoi wajibu huo. Anayekataa anaweza kufikishwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na ikibidi mahakamani. Shilingi inayokuja kwa ajili ya chakula cha watoto huupumzisha mshahara wako uweze kulipa deni.

Pili, deni lililokopwa kwa manufaa ya familia halisahauliki mbele ya sheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, au baada ya hapo. Mahakama hutakiwa kutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hivyo tunza stakabadhi za mabati, za saruji na za marejesho. Angalia pia kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Kumbuka kwamba kufunga virago na kuondoka si amri ya mahakama. Mali na madeni hayagawanyiki yenyewe. Kama bado mnaweza kuzungumza, kaeni mbele ya wazee mnaowaheshimu, mwandike nani atalipa kiasi gani na kwa muda gani. Katika mfano wetu, mume akibeba nusu ya rejesho la kila mwezi, pengo la Sh. 74,000 hushuka hadi kama Sh. 17,700. Maandishi hayo hayamfungi mkopeshaji, lakini yatakuwa ushahidi wako. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa. Anayetaka talaka hupaswa kwanza kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Asiye na fedha za wakili anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

WATOTO

Mwisho, ndugu msomaji, tusiwasahau watoto. Mshahara ukipokelewa, chakula, pango na shule vitangulie, kisha rejesho mlilokubaliana, na hayo mengine yafuate. Mtoto asitumwe kwa baba yake au kwa mama yake kudai fedha za mkopo, wala asifundishwe kumwambia mdai kwamba mama hayupo. Anayefanywa tarishi wa deni hujifunza kuwaonea haya wazazi wake wote wawili.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini mgonjwa hapewi dawa ya mwezi mzima akainywa kwa siku moja. Andika hesabu yako wiki hii, kabla mshahara haujatoka, na uipeleke kwa mkopeshaji wako ukiwa bado hujachelewa.