Ahlus-Suffa na Ujira wa Mwenye Kuwahudumia Wasio na Makao

Baada ya darsa hapa Singida mjini niliulizwa suali ambalo sikulijibu papo hapo. Yupo kijana aliyekuwa akilala vibarazani pa maduka, kisha Allah (s.w.) akamfungulia mlango akapata chumba. Sasa kila usiku hurudi kulekule alikotoka. Aliyeumwa humpeleka hospitali. Mtoto aliyeshuka kwenye basi hana anayemjua humtafutia mahali. Muulizaji akasema: "Sheikh, tukimlipa, si tutakuwa tumempa haki ya mafakiri? Na kama ni kulipwa, alipwe na nani?"

Ndugu msomaji, tuanze Madina. Katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) palikuwa na sehemu iliyoezekwa ikiitwa Suffa. Wakikaa hapo watu wasio na nyumba, wala mali, wala jamaa wa kuwapokea. Sadaka ikimfikia Mtume (s.a.w.) aliwapelekea yote, asichukue kitu, ikija zawadi, alishirikiana nao. Baitul-Mali yenye daftari ilikuwa bado, lakini mali hiyo ilipitia mkononi mwa kiongozi.

Sasa mtazame aliyekuwa akitumwa. Imamu Bukhari amepokea kisa cha Abu Hurayra (r.a.), naye alikuwa mmoja wao. Siku moja njaa ilimzidi hata akafunga jiwe tumboni, akakaa njiani kwa watu. Mtume (s.a.w.) akamwona, akatabasamu, akamchukua hadi nyumbani. Kulikuwa na bakuli la maziwa. Akaambiwa: kawaite Ahlus-Suffa. Abu Hurayra asema jambo hilo lilimwia zito. Maziwa yale yangewatosha nini watu wale wote? Akaenda. Wakaja, akaamriwa awanyweshe yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka wote wakashiba. Ndipo akanywa yeye, na Mtume (s.a.w.) akanywa mwisho.

Wanazuoni humtaja kuwa ni arifu wa Suffa, yaani mwenye kuwajua wenziwe na kuwakusanya. Hakuletwa mtu wa nje mwenye shibe. Aya ya 273 ya Suratul-Baqara, ambayo wafasiri wengi huihusisha na watu hao, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile hawaombi. Mtu kama huyo, aliyelala naye sakafuni humtambua kabla ya afisa. Tena sheria yetu ya jinai imeweka kuombaomba hadharani katika makosa ya uzururaji, kwa hiyo wengi wao wakiona sare hukimbia.

Ama ujira, Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imewataja wanaozitumikia zaka kuwa ni fungu la tatu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtumishi huyo hupewa ujira wa mfano wa kazi yake, hata akiwa tajiri. Na aliyekusanya sifa mbili, ufakiri na utumishi, kauli ya Nawawi katika Minhaj ni kwamba apewe kwa sifa moja tu. Lakini tusikimbilie. Amili ni yule aliyewekwa na mwenye mamlaka, na kijana wetu hakuwekwa na mtu. Kwa hiyo katika zaka anaingia kwa ufakiri wake kama bado ni fakiri. Ujira wake utoke kwenye sadaka ya kawaida, au mali ya umma.

Mali ya umma kwa watu hawa si jambo geni. Tabari ameandika kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala mwaka 86 hadi 96 Hijria, aliwawekea wenye ukoma posho wasiombe watu, kilema akampa mtumishi na kipofu akampa wa kumwongoza. Kwetu, serikali inagharimia makazi ya wazee na wasiojiweza ya Sukamahela, wilayani Manyoni. Lakini anayelala kibarazani hayumo humo. TASAF nayo inakwenda kwa kaya, na yeye hana kaya.

Iko asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Haina riba, nasi tunashukuru. Ila ni mkopo, na mkopo unataka biashara itakayourudisha. Kumsindikiza mgonjwa saa nane za usiku kunauza nini? Kazi hii haihitaji mkopo. Inahitaji ujira katika bajeti ya ustawi wa jamii.

Basi nilimjibu muulizaji: kamati ya msikiti imwandikie kijana kazi yake na ujira wake kutoka kwenye sadaka, kisha waende manispaa kwa afisa ustawi wa jamii kuomba kazi hiyo itengewe fungu. Akauliza tena: "Na mwenyewe akikataa kulipwa?"

Nikamtajia Umar (r.a.). Alipewa ujira wa kazi, akaomba apewe aliye mhitaji zaidi yake. Mtume (s.a.w.) akamwamuru auchukue, kwani haukuwa wa kuombwa wala wa kutamaniwa; kisha akitaka, autoe sadaka.