Wafugaji Walijua Kabla ya Maabara

Mvua za mwisho wa 2006 zilijaza madimbwi kila bonde la Garissa. Wiki chache baadaye wafugaji wa Kisomali wakaona mbu wamezidi kiasi, kisha kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba kwa wingi, wengine wakitoka damu puani. Wazee walikwisha kuuona ugonjwa huo baada ya mvua za El Niño za 1997, na waliuita sandik. Maabara ilithibitisha Homa ya Bonde la Ufa mwezi Desemba, watu wakiwa wameshaanza kufa. Mlipuko ulipokwisha mwaka 2007, Kenya ilikuwa imezika zaidi ya watu 150.

Baadaye watafiti walirudi kwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki kuwauliza waliona nini, na lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya mvua kubwa na wingi wa mbu zilipita karibu wiki tatu. Kati ya mbu na mnyama wa kwanza kuugua, zaidi ya wiki mbili. Kati ya mnyama huyo na mtu wa kwanza kuugua, tena zaidi ya wiki mbili. Wafugaji walikuwa wameutambua ugonjwa kabla ya idara za mifugo na za afya. Hizo wiki mbili za mwisho ndizo zinazoniuma, kwa sababu zilitosha kuwaambia watu wasichinje mnyama mgonjwa.

Ushahidi wao ulikubaliana kabisa na sayansi. Kirusi hiki kinajulikana tangu 1931, kilipotambuliwa katika kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na mayai hayo, yakiwa na kirusi ndani, hukaa katika ukavu kwa miaka mingi yakisubiri mafuriko. Mfugaji anayesema mbu wamezidi anakutajia kiungo kimojawapo cha mnyororo huo. Mwaka huo wa 2006 wanasayansi wa NASA, kwa picha za setilaiti, walitoa onyo wiki kadhaa kabla ya watu kuugua. Onyo lilitoka angani na malishoni, kumbe hapa katikati ndipo mambo yalipochelewa.

Sisemi daktari wa mifugo apuuzwe. Macho hayaoni kirusi. Mbuzi hutupa mimba kwa bruselosi pia, na bila kupima damu hakuna anayeweza kuapa ni ugonjwa gani. Kufikiri mwenyewe si kumwacha daktari ukamfuata mzee bila swali. Mzee akisema maziwa mabichi ya ngamia hayajawahi kumdhuru, naye aulizwe amejuaje, maana bruselosi hupitia humo humo. Swali ni lile lile kwa mwenye koti jeupe na kwa mwenye bakora: umeona nini, wapi, lini, wanyama wangapi? Anayejibu kwa tarehe na hesabu asikilizwe, hata kama hajakanyaga darasa. Anayejibu kwa cheo tu bado hajajibu.

Kwa hiyo wewe uliyeko Ijara, Fafi, Balambala au Dadaab, maji yakituama, mbu wakazidi na mifugo ikaanza kutupa mimba, andika tarehe na idadi. Usishike kijusi kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, chemsha maziwa, kisha upeleke habari ofisi ya mifugo ya kaunti siku hiyo hiyo. Ukiambiwa ni jambo la kawaida, uliza wamepima nini. Kama hawajapima, wadai waje wachukue damu.