Ituri: chura wa Lendu alipewa jina msitu ukiwa umekwisha katwa

Misitu ya uwanda wa juu wa Lendu, jimboni Ituri, ilikuwa imekwisha katwa sehemu kubwa wakati wanasayansi walipotambua kwamba chura mmoja wa huko hakuwa bado na jina. Mwaka 2011 walimwita Xenopus lenduensis.

Anaishi majini, hana ulimi, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina makucha. Ndugu yake wa karibu ni Xenopus vestitus. Walitofautishwa kwa umbo, kwa ADN na kwa sauti ya dume, anayeita akiwa chini ya maji. Chembe zake zina kromozomu 72. Za mtu zina 46. Ili kuzitayarisha kulekule porini, watafiti walibuni njia isiyohitaji mashine ya kuzungusha sampuli.

Kati ya walioandika utafiti huo pamoja na Ben Evans wa Canada na Eli Greenbaum wa Marekani yumo Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro, Kivu Kusini. Mkongomani ni mwandishi, si mwongoza njia tu.

Mashamba, kuni na makala vinaendelea kula miti iliyobaki. Tangu mwisho wa 2017, mauaji ya Djugu yamekimbiza wakaaji wengi. Nani ataenda kuhesabu vyura? Nje ya uwanda huo, chura huyu hajulikani popote.